Kuikinga nyumba na upepo mkali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye nyumba huuliza kabla ya msimu wa dhoruba, na mengine huyauliza wakiwa wanaokota mabati yao kwenye uwanja wa jirani. Majibu yanahusu nyumba ya kawaida ya kuishi, ya chini au ya ghorofa moja, iwe ya tofali au ya mbao. Jengo refu lina hesabu zake na linahitaji mhandisi tangu siku ya kwanza.

Upepo huezuaje paa?

Wengi hudhani hulisukuma. Kwa kweli hulinyanyua. Hewa inayokuja kwa kasi ikigonga ukuta hupanda juu, na ikifika ukingoni mwa paa haiwezi kujikunja ghafla ifuate mteremko wa bati. Huruka, na chini ya mruko huo hubaki sehemu ambayo mgandamizo wa hewa umeshuka. Ndani ya nyumba hewa bado ina mgandamizo wake. Tofauti hiyo ndiyo inayolivuta paa kwenda juu. Kuta za upande usiopigwa na upepo nazo hunyonywa kwenda nje, ndiyo maana baada ya dhoruba unaweza kukuta dirisha la nyuma limeng'okea uani, mwenyewe akabaki anashangaa kwa kuwa upepo haukutokea huko.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kulifunga paa lisiondoke. Majibu mengi yanayofuata yanazunguka hapo hapo.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani?

Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hubeba mgandamizo wa kama kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba. Ukifika kilomita 108 ni kilo 56, ukifika 144 ni kilo 100, na kwenye kilomita 200 unakaribia kilo 190. Bati la kawaida la nyumba lina uzito wa kilo 3 hadi 5 tu kwa mita ya mraba. Hata ukiongeza mbao zake, uzito wa paa peke yake hauwezi kushindana na upepo huo.

Wala usisubiri kimbunga chenye jina ndipo uogope. Katika kipimo alichokiandaa Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, vigae huanza kung'oka kwenye ngazi ya 9, yaani upepo wa kilomita 75 hadi 88 kwa saa. Ngazi ya 10 hung'oa miti. Kimbunga ni ngazi ya 12, kuanzia kilomita 118. Kumbuka pia kwamba utabiri ukitaja wastani wa mwendo, mivumo ya ghafla huupita wastani huo, na inayovunja nyumba ni mivumo hiyo.

Mbona paa la jirani limeondoka na langu limebaki, na nyumba zetu zilijengwa na fundi mmoja?

Inawezekana yeye alikuwa na dirisha lililoachwa wazi. Inawezekana nyumba yake inatazama uwanja mtupu au maji, wakati yako imejificha nyuma ya nyumba nyingine. Upepo hukaza mwendo unapopanda kilima na unapobanwa kati ya majengo mawili, hivyo hatua chache tu kutoka kwako hali inaweza kuwa nyingine kabisa. Safari ijayo upepo ukigeuka upande, zamu inaweza kuwa yako. Paa lililobaki halijathibitisha kwamba limefungwa vizuri.

Ni sehemu gani ya paa huanza kung'oka?

Pembe. Kisha kingo zote: upenu, ncha za ubavuni, na pale juu kwenye kofia ambapo miteremko miwili inakutana. Kwenye pembe mvuto wa kwenda juu unaweza kufika mara mbili ya ule wa katikati ya paa, au zaidi. Bati la pembeni likishafunguka, upepo huingia chini yake na kuyafungua mengine moja baada ya jingine.

Kwa nyumba ya kawaida, ukanda wa mita moja hadi moja na nusu kutoka ukingoni ndio unaostahili skrubu nyingi zaidi na papi (mbao za kulala zinazobeba bati) zilizokaribiana zaidi. Mafundi wengi hufunga paa zima kwa nafasi zilezile, na wakibakiwa na misumari michache huibana hukohuko pembeni wakimalizia. Ingefaa pembe ifungwe kwanza, fundi akiwa bado hajachoka.

Nitumie misumari au skrubu?

Skrubu. Msumari laini, hata ule wenye kofia pana, hushikwa na mbao kwa msuguano tu. Bati linapopanda na kushuka kila mvumo unapopita, msumari hutoka kidogo kidogo, na mbao ikikauka hulegea hata bila upepo. Kama huna budi kutumia msumari, tafuta uliosokotwa au wenye miduara ya kukwaruza mwilini mwake.

Skrubu iingie ndani ya mbao walau sentimita 3, iwe na raba yake, na kwa bati la mawimbi ipite mgongoni. Bondeni ndiko maji hupita. Kwenye ule ukanda wa kingoni funga kila mgongo. Katikati ya paa, kuruka mgongo mmoja hutosha. Papi ziachane sentimita 90 katikati na 60 kingoni. Usikaze hadi bati libonyee: raba iliyosagika haizibi maji, na bati lililobonyea hupasuka upesi.

Kupasuka huko kuna historia yake. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 1974, kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin, Australia. Kipimo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla ya chenyewe kuharibika. Karibu asilimia 70 ya nyumba za mji zilibomoka. Wachunguzi walipopita walikuta jambo ambalo halikutarajiwa: kwenye nyumba nyingi skrubu zilikuwa bado zimekaa kwenye mbao, lakini bati limeondoka. Chuma kilichoka. Mivumo iliyokuja mfululizo kwa saa kadhaa ilikuwa imelipinda bati juu na chini pembeni mwa kila skrubu hadi likapasuka na kuachia. Tangu hapo, mabati ya maeneo ya vimbunga nchini Australia hujaribiwa kwa kuvutwa na kuachiwa maelfu ya mara, si kwa kuvutwa mara moja tu. Kwako wewe maana yake ni kuongeza washa pana (kipete cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu, na kukataa bati jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba inaonekana kusema kinyume.

Bati langu limefungwa kwa skrubu nzuri. Kwa nini fundi anataka kufungua dari?

Kwa sababu nguvu inayolivuta bati haiishii kwenye skrubu. Bati huikabidhi papi, papi huikabidhi kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi huikabidhi wolpleti (ule ubao unaolala juu ya ukuta), wolpleti huukabidhi ukuta, na ukuta huukabidhi msingi. Mzigo ni uleule njia nzima, na mahali dhaifu kuliko pote ndipo patakapoachia. Hivi ndivyo paa zima, bati na papi na kenchi zake, hukutwa limelala shambani halijapungua hata skrubu moja. Kazi ya juu ilikuwa safi. Chini hapakuwa na kitu zaidi ya misumari miwili ya mshazari.

Mruhusu afungue. Na akiwa huko juu achome mbao kwa bisibisi: ikizama kama kwenye udongo, mchwa au uozo wameshafika, na hakuna skrubu itakayoshika hapo.

Kenchi zinafungwaje ukutani?

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba ya upana wa mita 8 yenye kenchi kila baada ya mita 1.2. Kila kenchi hubeba paa la kama mita 9.6 za mraba. Mvuto ukiwa kilo 56 kwa mita ya mraba, hizo ni zaidi ya kilo 530 zinazovuta kwenda juu, yaani karibu kilo 270 kila ncha, kabla ya kutoa uzito wa paa lenyewe. Misumari miwili ya mshazari haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa inavutwa kwa mwelekeo uleule ilioingilia.

Kinachofaa ni ukanda wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu, unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili hadi kwenye wolpleti. Misumari ya ukanda huo hupigwa kwa ubavu. Upepo ukivuta juu, hujaribu kuikata misumari badala ya kuichomoa, na kuukata msumari ni kazi ngumu kuliko kuuchomoa. Fungeni kila kenchi, si kwa kuruka moja.

Hapo umefika kwenye wolpleti, na safari haijaisha. Wolpleti nayo ifungwe kwenye lenta ya juu, ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba. Kwa nyumba mpya ni rahisi: boliti za milimita 12 huachwa zimesimama kwenye zege kabla halijakauka, moja kila mita 1.2 au karibu zaidi, na moja karibu na kila kona. Au huachwa nondo ambazo baadaye hukunjwa juu ya ubao. Kwa nyumba ambayo imeshajengwa, mikanda mirefu ya chuma hushushwa ukutani na kufungwa kwa boliti za kupanuka ndani ya zege la lenta, si kwenye plasta wala kwenye tofali la tundu ambalo litapasuka.

Waya wa kufungia je? Ni bora kuliko kukosa kabisa. Tumia mnene, zungusha mara kadhaa, na uukague kila mwaka, kwa kuwa hupata kutu na hukata mbao taratibu.

Nikiweka mawe, matairi au mifuko ya mchanga juu ya bati?

Rudi kwenye namba. Pembeni mwa paa, kwenye upepo wa kilomita 108, mvuto unaweza kuzidi kilo 110 kwa mita moja ya mraba. Utahitaji mawe ya uzito huo kila mita, na kenchi zako zitalemewa siku zote 365 kwa ajili ya saa tatu za dhoruba. Mawe machache hayazuii bati kupanda, na yakianguka huanguka juu ya kichwa cha mtu. Pesa ya kuyapandisha inatosha kununua skrubu.

Nifungue dirisha la upande wa pili ili upepo upite?

Hapana. Ushauri huu ni wa zamani na bado unapendwa, lakini unaua mapaa. Upepo ukipata mlango au dirisha upande unaopigwa, huijaza nyumba, na mgandamizo wa ndani hulisukuma paa kwenda juu wakati nje nako linavutwa. Nguvu mbili zinajumlishwa. Na upepo wa dhoruba hugeuka, hivyo dirisha ulilolifungua kwa kuwa liko salama linaweza kutazamana na upepo kabla ya alfajiri. Funga kila kitu, pamoja na milango ya vyumba vya ndani, ili dirisha moja likivunjika upepo usitawale nyumba nzima.

Na kubandika utepe wa msalaba kwenye vioo?

Haukifanyi kioo kiwe na nguvu. Kikivunjika, kitaanguka kwa vipande vikubwa vilivyoshikana, ambavyo ni hatari zaidi.

Basi madirisha na milango nivilinde vipi?

Kinachovunja kioo mara nyingi ni kitu kinachoruka: tawi, kigae, kiti cha plastiki, bati la mtu mwingine. Kinga bora ni kifuniko cha nje, kama vibao vya kudumu vya mbao au chuma vyenye bawaba na komeo. Kama huna, plaiwudi ya milimita 16 inafanya kazi vizuri, mradi iwe imekatwa, imetobolewa na kuandikwa jina la dirisha lake mapema. Anayeanza kupima plaiwudi upepo ukiwa umeshaanza hamalizi. Ifungwe kwenye ukuta kwa boliti, ipite ukingo wa dirisha kila upande. Usiipigilie kwenye fremu.

Ukiwa unabadilisha vioo, ujue tofauti. Kioo kilichoimarishwa kwa moto ni kigumu, lakini kikishindwa humwagika chote kwa chembe ndogo na kuacha tundu la dirisha zima. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati hupasuka, kikabaki kwenye fremu. Kwa upepo, hicho cha pili ndicho kinachofaa. Madirisha ya alumini ya kuteleza yana udhaifu wa aina yake: kioo hakivunjiki, ila fremu hujipinda na kipande kizima hutoka kwenye reli.

Mlango wa nje uwe na bawaba tatu zenye skrubu ndefu zinazofika kwenye ukuta, na komeo juu na chini. Unaofunguka kwa nje hukandamizwa na upepo kwenye fremu yake, hivyo hujifunga wenyewe. Unaofunguka kwa ndani hutegemea kitasa peke yake. Mlango wa mabawa mawili ni dhaifu pale katikati. Na mlango wa gereji ndio tundu kubwa kuliko yote: kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida, Marekani, tarehe 24 Agosti 1992, milango ya gereji ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachia, na nyumba zilizopoteza mlango huo zilipoteza paa kwa urahisi zaidi. Uimarishe kwa vyuma vya kukingama kwa ndani, na reli zake zifungwe kwenye ukuta imara.

Nina grili za chuma. Hazitoshi?

Kwa mwizi, sawa. Upepo hupita katikati yake kana kwamba hazipo. Ila grili iliyochimbiwa ukutani ni mahali pazuri pa kufungia plaiwudi kwa boliti zenye ndoana, bila kutoboa ukuta.

Najenga sasa. Paa la umbo gani linavumilia?

La migongo minne, yenye mteremko wa nyuzi 30 hivi. Kila upande una mteremko, upepo haupati ukuta wa pembetatu wa kuugonga, na kenchi zinashikana kila upande. Paa la migongo miwili ni rahisi na la bei nafuu, lakini lina ile pembetatu mbili za ubavuni ambazo zinahitaji kuangaliwa kwa makini. Paa la mteremko mmoja lililolala sana ndilo linalovutwa kwa nguvu zaidi.

Upenu usizidi sentimita 45 au 50 kama eneo lina dhoruba. Najua upenu mpana hukinga ukuta na jua na mvua, na hapa kila mtu atachagua anachokihofia zaidi. Lakini upenu hupigwa kwa chini na kuvutwa kwa juu kwa wakati mmoja. Dari ya nje ya chini ya upenu ifungwe kwa skrubu, kwa sababu ikiondoka upepo na mvua huingia moja kwa moja kwenye dari ya ndani. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Likiondoka, liondoke bila kuvuta jingine.

Umbo la nyumba nalo lina neno. Mraba, au mstatili ambao urefu wake hauzidi mara tatu ya upana, hustahimili vizuri kuliko herufi L au U, ambazo hubana upepo kwenye kona ya ndani.

Paa la kufichwa nyuma ya ukuta si salama zaidi, kwa kuwa upepo haulioni?

Upepo unaliona. Ukuta huo ukiwa mrefu wa kutosha hupunguza mvuto kwenye pembe, ni kweli. Lakini paa lenyewe huwa limelala karibu bapa, na ukuta ule umesimama juu bila kushikwa na kitu. Kama ni tofali tupu bila nguzo za zege na mkanda wa juu, utaanguka, na mara nyingi huangukia ndani, juu ya bati. Mifereji ikiziba maji hutuama juu ya dari yako. Sipendi paa la namna hii kwenye eneo la dhoruba. Anayelitaka alipe mhandisi.

Paa langu ni la vigae, zito. Nina haja ya kuhangaika?

Uzito husaidia, lakini kigae kimoja kimoja ni chepesi. Vigae vya kingoni na vya juu vifungwe kila kimoja kwa skrubu au klipu, kwa sababu saruji iliyovishikilia huachia kadiri inavyozeeka.

Na paa la nyasi au makuti?

Mteremko uwe mkali, mafungu yakazwe kwa karibu, na kabla ya msimu funika kwa wavu wa kamba uliofungwa kwenye nguzo za nyumba. Ukiufunga kwenye mbao za paa lenyewe, utaondoka nalo.

Ukuta wa tofali unaweza kuangushwa na upepo?

Unaweza, hasa ule ambao hakuna kinachoushika kwa juu. Kwanza ni ile pembetatu ya ubavuni. Hujengwa mwisho, juu ya lenta, na husimama peke yake kama kibao. Malizia kingo zake kwa mkanda wa zege wenye nondo unaofuata mteremko, na kwa ndani ushikwe na mbao za mshazari zinazounganisha kenchi ya mwisho na zile za katikati. Mbao hizo hugharimu kidogo mno ukilinganisha na kazi yake, na ndizo mafundi husahau zaidi. Baada ya Andrew, wachunguzi walihesabu pembetatu za ubavuni kati ya mambo makuu yaliyoangusha nyumba za Florida. Kanuni za ujenzi za jimbo zima zilizoanza kutumika mwaka 2002 zilitokana na mafunzo ya namna hiyo.

Pili ni ukuta wa uzio. Mrefu, mwembamba, hauna paa wala kona. Uwe na nguzo kila mita 3 hivi, na kama unaweza uache matundu ya kupitisha upepo.

Miti nikate yote?

Usikate yote. Safu ya miti inayopitisha upepo kiasi hupunguza mwendo wake kwa umbali wa mara kumi ya urefu wa miti, na hata zaidi. Hufanya kazi vizuri kuliko ukuta mtupu, ambao hurusha upepo juu na kuuacha uanguke upande wa pili ukiwa na vurugu. Tatizo ni mti ulio karibu na nyumba kuliko urefu wake, hasa wenye shina lenye tundu, uyoga kwenye mizizi, au uliokatwa mizizi wakati wa kuchimba msingi au bomba. Huo uondolewe. Mingine ipunguzwe matawi makavu na majani yaliyosongamana. Kukata kichwa cha mti ni kosa: matawi mapya yanayoota hapo hushika vibaya na ndiyo yatakayokatika.

Tangi la maji, dishi na paneli za sola?

Tangi lijazwe. Lita 1,000 ni kilo 1,000, wakati tangi tupu ni puto. Mnara wake uwe na vyuma vya mshazari. Paneli za sola zifungwe hadi kwenye kenchi, si kwenye bati, na zisifike kwenye pembe za paa. Dishi lifungwe ukutani, au lishushwe.

Pesa ni kidogo. Nianzie wapi?

Panda na skrubu kwenye ukanda wa kingoni na kofia. Hiyo ni kazi ya siku moja na inaziba sehemu inayoanza kuachia. Kisha mikanda ya kenchi, kuanzia kenchi mbili za kila mwisho wa nyumba. Kisha komeo za milango na plaiwudi ya madirisha makubwa. Mbao za kushika pembetatu zifuate. Kubadilisha bati zima kwa lile nene kunakuja mwisho, ingawa ndicho watu hufanya kwanza kwa kuwa kinaonekana kutoka barabarani. Bati jipya juu ya kenchi zisizofungwa ni bati jipya litakalookotwa mbali zaidi.

Nikague mara ngapi?

Mara moja kwa mwaka kabla ya msimu, na baada ya kila dhoruba. Tafuta raba zilizopasuka kwa jua, vichwa vya misumari vilivyoinuka, kutu kwenye mikanda, na alama za maji darini. Karibu na bahari chumvi hula skrubu haraka; nunua zenye zinki nene au za chuma kisichoshika kutu. Ukitembea juu ya bati, kanyaga kwenye mstari wa skrubu, kwa kuwa chini yake kuna papi. Usipande kukiwa na upepo, hata wa wastani.

Dhoruba imetangazwa na zimebaki saa chache. Nifanye nini?

Ingiza ndani kila kinachoweza kuruka: viti, ndoo, vyungu vya maua, mabaki ya mabati na mbao za ujenzi. Funga plaiwudi. Jaza tangi na vyombo vya maji. Chaji simu na taa. Egesha gari mbali na miti na ukuta wa uzio. Hati muhimu zitie kwenye mfuko usiopitisha maji. Paa usiliguse tena. Muda wake umepita. Na mamlaka zikisema hameni, hameni.

Tukae wapi upepo ukiwa mkali?

Chumba kidogo cha katikati, ghorofa ya chini, kisicho na dirisha: bafu, stoo, chini ya ngazi za zege. Milango yote ifungwe. Katika kimbunga, upepo ukikatika ghafla na anga likafunguka, huenda jicho la kimbunga liko juu yenu. Utulivu unaweza kudumu dakika chache au karibu saa nzima, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili ukiwa na nguvu ileile. Msitoke.

Imepita. Nianze na nini?

Nyaya. Chukulia kila waya ulioanguka una umeme, na zima swichi kuu kama maji yamefika kwenye soketi au darini. Dari iliyobeba maji ina uzito; usisimame chini yake. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Piga picha za kila kitu kabla hujaondoa chochote, kisha funika paa kwa turubai iliyopigiliwa kwa vibao, si kamba peke yake.

Bima italipa?

Soma mkataba sasa, si siku hiyo. Baadhi ya bima hutenga upepo na mafuriko, au huweka kiwango chake cha pekee unachojilipia mwenyewe kwanza. Weka picha za nyumba ikiwa nzima, pamoja na risiti za kazi ulizofanya, mahali nje ya nyumba.

Mabati yaliyoezuliwa yanaweza kurudishwa?

Yakague moja moja. Lililokunjwa halinyooki likabaki na nguvu yake. Lililo zima lakini limechanika kwenye matundu ya skrubu, kata kipande cha mwisho uanze na chuma kisichotobolewa, au ulitumie kwenye banda. Lisilo na dosari machoni unaweza kulirudisha katikati ya paa, kwa matundu mapya na washa pana. Matundu ya zamani yazibwe. Kwenye pembe na kingo weka bati jipya, kwa sababu chuma kilichokwisha kupindwa mara maelfu hakionyeshi uchovu wake kwa nje.